Nilivyokwenda Uholanzi Kutafuta Ukungu

Mtu akikwambia kampuni inakupeleka Ulaya, wanangu, kabla hujaanza kuaga majirani muulize kwanza kwa nini haendi yeye. Mimi sikuuliza. Niliaga Tengeru nzima. Nilimuaga mpaka mama mmoja wa ndizi pale sokoni ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tunapishana bila salamu, ili mradi tu naye ajue kwamba naondoka.

Nyie mnaoanza kazi kwenye mashamba ya maua huku kwetu mnaniita mama, mnanipa shikamoo, halafu mnaniuliza kuhusu safari hiyo mkitaka kusikia habari za magorofa. Magorofa niliyaona. Lakini haya mengine ndiyo ya kazi.

Nilikuwa msimamizi wa banda la kufungashia. Waridi likikatwa shambani linaletwa bandani kwenye ndoo, tunalipima urefu, tunafunga mashada ya maua ishirini ishirini, tunayalaza kwenye maboksi, yanaingia chumba cha baridi, yanapanda lori, yanapanda ndege. Siku mbili tatu baadaye liko kwenye meza ya mtu asiyejua kama Tengeru ni mji au ni ugonjwa. Hapo katikati kuna mikono mingi, na ua likiharibika kila mkono ukiulizwa unasema si mimi.

Mwaka huo maua yetu yalianza kufika Uholanzi yakiwa na ukungu wa kijivu. Mnaujua. Unaanza kama vidoa vidogo kwenye petali, kama madoa ya uso wa mzungu aliyekaa juani, na kesho yake unaota manyoya. Mnunuzi wetu, bwana mmoja aitwaye Wim, alikuwa anapiga picha kila shada baya na kumtumia meneja wetu, Bwana Massawe. Massawe alikuwa mtu wa Machame, msomi, anavaa tai hata akiingia kwenye matope. Kila asubuhi alikuja bandani ananinyooshea simu usoni kama daktari anayekuonyesha picha ya pafu lako.

"Mama Naeli, umeona?"

"Nimeona, meneja."

"Sasa nifanyeje?"

Wim alikuwa ameandika kwamba mambo yakiendelea hivyo mpaka mwisho wa msimu, atachukua maua kwingine. Bandani tulikuwa wanawake arobaini. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya maneno hayo.

Ndipo Massawe akaniita ofisini, akanikalisha kwenye kiti cha wageni, akasema nimechaguliwa kwenda kuangalia tatizo huko huko linakoonekana. Nilifurahi mpaka nikasahau kufunga mlango nilipotoka. Msaidizi wangu Neema, binti mkali wa macho na wa ulimi, alinisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Hongera mama. Ila mimi naona kama wamekutuma kwenda kuitambua maiti uliyoua mwenyewe."

Nikamwambia ana wivu.

Majirani walinishauri kuhusu baridi. Nikaenda Ngarenaro kwenye mitumba, nikapata koti kubwa la sufi, zito kama godoro, lenye kola ya manyoya. Ilikuwa mwezi wa sita, na mnajua mwezi wa sita kwetu ulivyo, ukungu umefunika mlima wa Meru wiki nzima na watu wanaota moto jikoni saa sita mchana. Nikatoka Tengeru natetemeka ndani ya koti. Nikafika Uholanzi nikakuta watu wamevaa kaptula. Mama wa mapokezi pale kwenye kampuni ya Wim alilishika koti langu mkono, akatabasamu kwa upendo, akasema bibi yake alikuwa na koti kama hilo hilo. Nadhani lilikuwa lake. Nadhani tulilirudisha nyumbani.

Sasa mniulize niliona nini cha kwanza. Niliona kwamba nchi haina kitu. Samahani, nasema nilivyoona. Ni tambarare kama meza iliyofutwa. Mimi nimezaliwa mlima uko mgongoni. Mtu akinielekeza mahali ananiambia panda au shuka, basi. Kule hakuna kupanda wala kushuka. Siku ya kwanza nilitoka nyumba ya wageni kwenda kununua maji ya kunywa, nikazunguka saa nzima, kwa sababu kila nyumba ilikuwa ya matofali yale yale mekundu, na kila nikiinua macho kutafuta mlima nakutana na mawingu. Halafu nikaona meli inapita juu ya barabara. Siyo kando ya barabara, wanangu, juu yake, magari yanapita chini. Dereva aliyenipeleka kazini akaniambia kwa fahari kwamba hapo tulipo bahari iko juu kuliko sisi. Nikamuuliza nani anaizuia. Akasema, "Serikali." Usiku huo sikulala vizuri, na haikusaidia kwamba saa nne jua lilikuwa bado linawaka dirishani.

Salamu ndiyo ilinitesa zaidi. Siku ya kwanza kwenye ghala la Wim nilisalimia kila mtu niliyekutana naye, na kama nilivyofundishwa nikauliza habari za nyumbani, watoto, kazi. Nilipofika kwa mtu wa tano yule wa kwanza alikuwa ameshakwenda kumuuliza Wim kama huyu mama anatafuta mtu aliyepotea. Wim alikuwa mwanamume mrefu wa mita mbili, mpole, mwenye mvi, na saa ya chakula alikula vipande viwili vya mkate, kimoja cha jibini, kingine amekinyunyizia chembechembe za chokoleti. Mtu mzima. Akasindikizia na glasi ya maziwa. Maziwa nilimsifu. Nilimwambia hata kwetu tunaheshimu mtu anayekunywa maziwa, ila kwa kawaida huwa kuna kitu kingine kwenye sahani.

Mahali pekee nilipojisikia niko nyumbani ni ndani ya chumba chao cha baridi. Harufu ya boksi lililolowa, ya majani, ya maji ya ndoo, ni ile ile. Pale koti la bibi nalo lilipata kazi. Nikafungua boksi, nikalibonyeza ua kwa kidole gumba, nikagusa petali kwa mgongo wa mkono. Mgongo wa mkono, kumbukeni hilo. Kiganja kimezoea kazi, hakisikii tena baridi wala unyevu. Nikawaona vijana wa Wim wanatazamana. Wenyewe walikuwa wanatumia kipimo cha umeme. Nikasema hili boksi lina joto zaidi kuliko lile. Wakapima. Nikawa nimesema kweli. Tangu hapo wakaanza kunisalimia wao.

Siku ya pili nikampata mhalifu. Ghala lilikuwa na mlango mkubwa wa kuteleza upande wa malori, na ulikuwa mbovu, haufungiki mpaka mwisho. Ikifika saa nne asubuhi kamili, wafanyakazi wote wanaacha kila kitu wanakwenda kunywa kahawa. Yaani kila kitu. Mikokoteni ya maua inabaki imesimama mbele ya mlango ule, hewa ya moto inaingia, dakika kumi na tano. Nikasimama pale na saa yangu mkononi nikiwa na furaha ambayo mtu wa kanisani hapaswi kuwa nayo. Tangu utoto nilikuwa nikiambiwa wazungu hawafanyi uzembe. Kumbe wanaufanya, ila wanaufanya kwa wakati.

Sikungoja. Saa ya chakula nikampigia Massawe.

"Meneja, kosa ni lao."

"Una uhakika?"

"Nimesimama mlangoni, nimeona kwa macho yangu. Uko wazi, maua yanapigwa joto, wenyewe wanakunywa kahawa."

Nilimsikia anavuta kiti. "Mama Naeli, Mungu akubariki. Hebu rudia pole pole, naandika."

Kabla sijamaliza kipande changu cha mkate, barua pepe ilikuwa imeshafika kwa Wim, kwa mkurugenzi wetu, na kwa watu wengine ambao sikujua hata wanahusika na nini.

Siku ya tatu nilikwenda mapema kukusanya ushahidi zaidi, na hapo ndipo nilipoharibu kesi yangu. Kwenye mkokoteni mmoja pale pale mlangoni palikuwa na maboksi yetu na maboksi ya shamba moja la Kenya, yamelala pamoja, yamepigwa joto lile lile. Nikafungua la Kenya nikitegemea kuona madoa. Safi. Nikafungua jingine. Safi, kavu kama karatasi. Nikafungua letu. Vidoa.

Nikajiambia labda bahati. Lori likaingia kutoka uwanja wa ndege, nikaomba boksi letu ambalo bado halijagusa mlango wala kahawa ya mtu. Nikafunua plastiki. Juu ya mawaridi palikuwa na matone ya maji, madogo, yamepangana vizuri, yanang'aa. Nikatazama majani ya chini, makavu. Mashina, makavu. Maji yalikuwa kwenye vichwa tu.

Jasho la boksi lililopatwa na joto halichagui vichwa, wanangu. Likilowesha linalowesha kote. Matone kwenye vichwa peke yake ni mkono wa mtu. Na mkono wenyewe niliujua.

Nilipoanza kazi nilifundishwa na mama mmoja wa Kikwe, Mama Elisifa, msimamizi aliyenitangulia. Wiki yangu ya kwanza nilichagua maua yaliyochanua vizuri kabisa nikayapanga mbele kwa majivuno. Alikuja akayatupa yote pipani bila neno, akaniwekea mkononi ua lililofumba. Ndivyo alivyofundisha. Hakuwa mtu wa maelezo, alifanya, nawe unatazama. Na kabla boksi halijafungwa, alichukua chupa ya kunyunyizia akapitisha manyunyu mepesi juu ya vichwa. Nikatazama. Nikaiga. Alipostaafu nikarithi meza yake, nikawafundisha wengine, na kwa kuwa wasichana wa siku hizi wanauliza kwa nini, nikawatafutia sababu. Niliwaambia waridi linakunywa kwa miguu na kwa kichwa. Niliwaambia safari ni ndefu, na ua lisiponyweshwa kichwani linakwenda linalia.

Zamani hakikuharibika kitu. Tulikuwa tunafunga mashada kwa karatasi ngumu yenye mikunjo, inakunywa yale maji yote kabla lori halijatoka getini. Msimu ule ndipo wanunuzi walitaka plastiki ang'avu, ua lionekane. Tukabadili karatasi. Chupa hatukuiacha. Maji yakafungiwa ndani na ua, siku tatu, na ukungu hauhitaji kingine.

Nikafunika boksi. Wim alikuwa anapita, akaniuliza kama nimeona kitu. Nikamwambia bado.

Nilikwenda kukaa kwenye benchi nje, karibu na mfereji wao. Kulikuwa na ng'ombe ng'ambo, wanene, weusi na weupe, hawana mchungaji hata mmoja. Niliwatazama muda mrefu. Nilikuwa naogopa, sitawadanganya. Naogopa Massawe, naogopa kurudi Tengeru nimevaa koti lile, nimejishitaki mwenyewe kwa gharama ya kampuni. Mlango ulikuwa mbovu kweli. Sikuwa nimesema uongo. Ningenyamaza tu.

Na saa nane tulipoketi ofisini, Wim mwenyewe akanirahisishia kunyamaza. Barua ya Massawe ilikuwa mbele yake, ameipigia mistari. Akasema, "Naeli, nimeisoma. Umesema kweli. Mlango huu ni aibu. Nimeshamwita fundi, anakuja kesho. Ninyi tutaendelea nanyi, na naomba radhi."

Mtu wa mita mbili, ananiomba radhi mimi. Nilikuwa nimeshinda. Banda limepona, wanawake arobaini wamepona, Massawe ataninunulia soda. Nikafungua mdomo kusema ahsante.

"Bwana Wim," nikasikia nasema, kwa Kiingereza changu cha bandani, "mlango ni mbovu. Lakini maji ni yangu."

Hakuelewa. Nikamwomba twende ghalani. Nikamfunulia boksi, nikamwonyesha vichwa, nikamwonyesha majani, nikaweka mkono kama nimeshika chupa, nikanyunyizia hewa. Alitazama mkono wangu, akatazama ua, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa petali. Nilidhani anatafuta maneno ya kunifukuza.

"Ningetengeneza mlango," akasema mwishowe, "na yangeendelea kuoza."

"Ndiyo."

"Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu yangeendelea kuoza," nikasema. "Na mwezi ujao usingekuwa na mlango wa kulaumu."

Akacheka. Siyo sana, wale watu hata kicheko wanakipima. Kisha akaniuliza tumekuwa tukinyunyizia muda gani, nikamwambia, na safari hii hakucheka. Akasema atatupa muda mpaka mwisho wa msimu kama alivyoandika, siku moja zaidi hapana. Mlango akautengeneza hata hivyo.

Massawe ndiye hakucheka kabisa. Nilimpigia simu nikamweleza yote.

"Mama Naeli, ulikwenda kututetea au kutushitaki?"

"Nilikwenda kuangalia maua, meneja."

"Nimeshamwandikia mkurugenzi!"

"Mwandikie tena."

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Labda kwa Neema.

Aliandika tena. Nimeiona ripoti yenyewe. Inasema kwamba kufuatia ziara ya kitaalamu iliyoratibiwa na ofisi ya meneja, uboreshaji wa taratibu za ufungashaji umebainishwa. Mimi ndani ya ripoti hiyo ni "ziara."

Niliporudi, Jumatatu asubuhi, niliwakusanya bandani kabla ndoo hazijaingia. Walikuwa wanasubiri habari za Ulaya. Nikawaambia kila mwenye chupa ya kunyunyizia ailete mezani. Zikaja, chupa kumi na nne, zimepangwa kama vyombo vya msiba. Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, natazama chini.

Neema akainua mkono. "Mama, samahani. Si wewe uliyetufundisha kwamba ua linakunywa kwa kichwa?"

"Ni mimi."

"Na kwamba lisiponyweshwa linakwenda linalia?"

"Hilo pia."

"Kwa hiyo msimu mzima tumekuwa tukiliozesha kwa bidii."

"Kwa bidii kabisa," nikasema.

Mmoja akaanza kucheka nyuma, akajizuia, akashindwa, na banda zima likaangua. Nami nilicheka, machozi yakanitoka, na yale machozi hayakuwa yote ya kicheko. Halafu ndoo zikaingia, tukafanya kazi. Mawaridi yalionekana makavu, maskini, hayavutii. Tuliyafunga hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye simu ya Massawe ilikuwa haipokei tena picha, na Wim aliendelea nasi msimu ule na uliofuata, mpaka ule niliostaafia.

Kulikuwa kumebaki mtu mmoja wa kumweleza, na huyo nilimwogopa kuliko Wim. Jumapili baada ya ibada nikaenda Kikwe. Mama Elisifa alikuwa amekaa barazani anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia ulikwenda Ulaya. Kaa."

Akaniletea loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, kwenye bakuli. Nikala kidogo ili nipate nguvu, kisha nikamweleza yote, taratibu, nikichagua maneno, kwa sababu utaratibu ule ulikuwa wake na sikutaka aone namtupia mzigo uzeeni. Nikamwambia siyo kosa lake, ni karatasi iliyobadilika. Nikamwambia kwamba enzi zake ua lilihitaji kweli kunyweshwa kichwani.

Aliacha kuchambua. "Kunyweshwa kichwani? Nani alikwambia?"

"Si wewe, mama? Ulikuwa unanyunyizia kila boksi."

"Nilikuwa nanyunyizia ili yang'ae," akasema. "Wageni walikuwa wanakuja kukagua, wanapiga picha. Mkurugenzi alipenda yang'ae kwenye picha. Ua halina kichwa cha kunywea, Naeli, we vipi?"

"Lakini mama, ulifanya kila siku."

"Shamba lilikuwa jipya. Kila siku palikuwa na wageni."

Akarudi kwenye maharage yake. Nami nikamaliza bakuli lile pole pole. Kutoka bandani kwetu mpaka barazani kwake ni dakika ishirini kwa bodaboda. Katika miaka kumi tangu astaafu nilikuwa nimefika pale kwenye misiba miwili, harusi tatu na kipaimara cha mjukuu wake, nikala, nikacheka, nikaondoka, na sikuwahi hata mara moja kumuuliza kwa nini.